Mtihani wa Viti Vitupu

Siku ya mtihani Mwalimu Scholastika alipita dukani kwa Lalit mapema, kabla wapagazi hawajaanza kugombania njia na mikokoteni yao. Lalit anauza vifungo, zipu, nyuzi na lastiki katika duka jembamba la Kariakoo lililobanwa kati ya maduka mawili ya mapazia, na kila mwaka huwawekea watoto wa darasa la kwanza vifungo vilivyokosa wenzao. Safari hii alivijaza kwenye kopo la maziwa ya unga, akalitikisa kidogo kusikia kama limejaa vizuri, akamkabidhi.

Mkewe, Jyotsna, alitokea nyuma ya kaunta na chupa ya chai. "Kunywa kwanza, Mwalimu. Mtihani na njaa wapi na wapi?"

"Sina njaa, Mama Tanvi. Nina kiwewe."

"Kiwewe cha nini, wewe? Umefundisha Kariakoo nzima."

Haikuwa Kariakoo nzima, lakini haikupungua sana. Scholastika alitoka Newala na cheti chake cha ualimu akiwa msichana, akasubiri ajira ya serikali, na wakati anasubiri akaomba kujitolea katika shule ya msingi iliyokuwa jirani na soko. Majina yakatoka, lake halimo. Yakatoka mengine, halimo tena. Alisubiri mpaka umri wa kuajiriwa ukampita bila hata kuaga, naye bado yuko darasa la kwanza, anafundisha kusoma na kujumlisha, anaishi chumba cha kupanga Magomeni kwa kile wazazi wanachomchangia. Tanvi, binti wa Lalit na Jyotsna, alijifunza kuhesabu kwake kwa vifungo vya dukani kwao wenyewe. Sasa ni mfamasia Mwanza.

Hakuwa mtu wa kulalamika, tusimzulie. Alipenda kazi yake kama watu wengine wanavyopenda pilau. Ila mwaka huu ilitoka amri kwamba mtu yeyote, awe ameajiriwa au anajitolea, hasimami mbele ya darasa bila leseni, na leseni haipatikani bila mtihani. Akifeli, muhula ukiisha anatoka. Mwalimu mkuu, Bi Maimuna, alimweleza hivyo ofisini huku akimtazama kwa huruma, na Scholastika akaenda kulia kidogo chooni, kisha akarudi darasani kwa sababu kipindi kilikuwa hakijaisha.

Mtihani wenyewe una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya kuandika, na hiyo alishaifaulu. Ya pili inaitwa somo la mfano. Unaingia chumbani, unakuta viti vimepangwa, havina mtu, na mbele yake wamekaa wasahihishaji. Unatakiwa ufundishe kwa robo saa wanafunzi wa kufikirika. Walimu waliotangulia waliwapa wenzao ujanja wake: tabasamu, tembea katikati ya viti, inama, sifia kiti kimoja kwa jina, uliza swali, ngoja kidogo, kisha shukuru kwa jibu. Walimu wa Dar es Salaam mwaka huo walikuwa wakifanya mazoezi majumbani. Ukipita uchochoroni Magomeni jioni ungesikia mtu anapongeza ndoo na stuli. Scholastika naye alijaribu uani kwa viti vya plastiki vya mama mwenye nyumba. Alisimama pale hadi kuku wakaingia bandani, hakusema neno.

Sababu ni kwamba alikuwa na ugonjwa wake mmoja. Hawezi kuanza somo kabla darasa halijamwamkia. Na haamuru mtoto asimame. Anaingia, anaweka kopo mezani, anafunga mikono nyuma, anangoja. Watoto wakitulia wenyewe, wakasimama wenyewe, wakasema shikamoo, ndipo anaitika, ndipo siku inaanza. Wiki ya kwanza ya mwaka anaweza kungoja mpaka kengele ya mapumziko. Wakaguzi waliwahi kuja wakamkuta amesimama kimya mbele ya zogo, wakaandika wanayoyajua wao, wakaondoka. Ikifika Machi darasa lake linasimama kama mtu mmoja, na mtoto aliyesimama kwa hiari yake, anasema yeye, amekwisha kujifunza nusu ya shule.

Chumba cha mtihani kilikuwa ghorofani, upande wa Magogoni, mahali ambapo honi ya kivuko inasikika hadi ndani. Wasahihishaji walikuwa watatu. Katikati alikaa Bwana Eliasi, mwenyekiti, mtu mzima mpole mwenye tai fupi. Kushoto kwake alikaa bwana mmoja mwenye mafua ambaye siku hiyo hakuwa na la kusema. Kulia alikaa msichana wa miaka ishirini na kitu, amevaa suti ya kijivu, na juu ya jicho lake la kushoto palikuwa na kovu dogo lililokaa kama mkia wa koma. Alijitambulisha kwa jina la Victoria. Scholastika alilitazama lile kovu, akatazama chini, kwa maana mtihani si mahali pa kuulizana habari za nyumbani.

"Karibu, mtahiniwa. Anza," alisema Bwana Eliasi.

Scholastika aliweka kopo mezani. Alifunga mikono nyuma. Akangoja.

Viti vilikuwa vyeupe, vya plastiki, vimepangwa kwa mistari iliyonyooka. Honi ya kivuko ililia, watu wakavuka kwenda Kigamboni, wengine wakavuka kuja mjini. Bwana wa mafua alipenga.

"Mwalimu, muda unakwenda," alisema Bwana Eliasi.

"Najua, mzee wangu. Nawasubiri."

"Unamsubiri nani?"

"Darasa."

Victoria alitazama saa, akaandika kitu. Scholastika alimwona akiandika. Akajiambia aache ukaidi, aseme tu "Haya watoto, leo tutajumlisha," kama binadamu wengine. Alifungua mdomo. Mdomo ukakataa. Ukaidi wa miaka yote hiyo hauondoki kwa sababu ya suti moja.

Ndipo mlango ukafunguliwa na watoto wakaanza kuingia. Viti vya mbele vilijaa kwanza, kama kawaida, na wale wa nyuma wakaja wakisukumana. Walivaa sare zilizopauka, kaptula na sketi za bluu, na walikuwa na umri wa miaka sita, saba hivi. Viti vilipokwisha walikaa wawili wawili, kisha watatu watatu, na waliokosa kabisa wakajipanga ukutani na madirishani. Scholastika aliwafahamu wote. Yule anayelia akichongewa penseli fupi alikuwemo, ingawa sasa ana duka la simu Mtaa wa Aggrey na watoto watatu. Aaron alikuwemo, na Aaron ni baharia, yuko Durban. Tanvi alikaa mstari wa mbele na msuko wake mmoja mrefu. Karibu na dirisha kilikaa kitoto chembamba kilichofunga sweta kiunoni, hakina meno mawili ya mbele, na juu ya jicho lake la kushoto palikuwa na plasta mpya.

Zogo lilikuwa kubwa. Scholastika alingoja. Zogo likapungua, likaisha. Darasa likasimama.

"Shikamooo mwaliiimu!"

"Marahaba, wanangu. Kaeni."

Furaha ilimjaa hadi kooni, akakohoa kidogo ili imshuke. Bwana Eliasi aliinuka kufungua dirisha la pili kwa sababu chumba kilikuwa kimeanza kupata joto, akarudi kukaa. Alimtazama mtoto mwenye plasta, akamtazama Victoria.

"Huyu wako?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni mimi," alisema Victoria.

"Ahaa." Akaandika.

Somo lilikuwa la kujumlisha. Scholastika aligawa vifungo, kila mtoto konzi yake, na akawaambia habari za bibi mmoja wa Magomeni aliyeshona gauni, likawa na vifungo vitatu, akaona haya kwenda nalo harusini kwa sababu kifua kinaonekana, akaongeza viwili. Je, bibi ameingia harusini na vifungo vingapi? Watoto walicheka habari ya kifua, walihesabu, walibishana. Mmoja akasema bibi asingekwenda kabisa, harusi zenyewe za siku hizi hazina chakula. Scholastika alikubali kwamba hilo nalo ni jibu, lakini si la hesabu.

Katikati ya hayo aliona shavu limetuna pale dirishani.

"Victoria, toa hicho kitu mdomoni."

Mdogo alitema kifungo cha kijani kiganjani. Mkubwa, kule mezani, alitoa pipi ya mnanaa, akaifunga ndani ya karatasi yake. Hakuonekana kushtuka, wala hakuna aliyemtazama. Somo likaendelea mpaka Bwana Eliasi alipogonga kengele.

Walimwomba angoje nje ukumbini pamoja na watoto. Aliwapanga mstari, akawafuta kamasi wale waliohitaji kufutwa, na alikuwa na uhakika wa kufaulu kama ana uhakika wa jina lake. Maisha yake yote hakuwahi kufundisha vizuri kuliko siku hiyo. Alipoitwa tena, aliingia anatabasamu.

"Mwalimu Scholastika," alisema Bwana Eliasi, "tumefurahi sana. Mimi binafsi nimefurahi. Lakini kanuni ni kanuni. Kwanza ulichelewa kuanza. Dada Victoria ndiye aliyekuwa na saa."

"Ulichelewa, Mwalimu," alisema Victoria. "Muda wa kusubiri haumo kwenye somo. Nimekupa sifuri pale. Samahani."

"La pili, darasa limezidi uwezo wa chumba. Na la tatu, ambalo ndilo kubwa, kanuni inasema wanafunzi wawe wa kufikirika. Wewe umekuja na wa kweli."

"Sikuja nao, mzee. Wamekuja."

"Ndiyo," alisema Bwana Eliasi kwa upole. "Lakini wamekuja."

Scholastika aliuliza kama anaweza kurudia, wakamwambia mwakani. Aliuliza kama katika robo saa ile kuna kosa alilofundisha, wakatazamana, wakasema hapana, hakuna. Bwana wa mafua alimpa mkono. Ilimuuma, jamani, tusidanganyane. Alishuka ngazi zote ameuma midomo, na kundi la watoto linashuka nyuma yake likihesabu vidato kwa sauti kama alivyowafundisha.

Kutoka Magogoni hadi Kariakoo walikwenda kwa miguu, wameshikana mikono. Mnazi Mmoja walivuka barabara, na magari yakasimama kuwapisha. Sokoni mpagazi mwenye marobota ya mitumba alipiga mluzi akapiga kelele, "Mwalimu Skola! Yaani wote hao umewazaa lini?" akaweka mkokoteni pembeni wapite. Mbele kidogo alijiona mwenyewe, angali mtoto, mstarini, wa tatu kutoka mwisho, viatu hana. Alijinunulia muhindi wa kuchoma, akajipa, akaendelea na kazi.

Jyotsna alikuwa mlangoni mwa duka. Alimwona Scholastika, akaona uso wake, akajua. Kisha akaona msuko.

"Arre, Tanvi," alisema. "Mbona nywele zimekaa hivyo? Njoo hapa."

Alimkalisha juu ya robota la lastiki akamsuka upya. Lalit aliwasha simu, akampigia Tanvi wa Mwanza, na Tanvi wa Mwanza akaongea na Tanvi wa dukani kuhusu paka waliyekuwa naye zamani. Waliongea vizuri kwa muda, halafu wakachokana, maana mmoja alikuwa na wateja na mwingine alitaka kucheza. Usiku huo Jyotsna alipika kwa watu watatu. Alisema baadaye kwamba hakuwahi kujua kama sauti ya mtoto anayetafuna ndiyo aliyoikosa miaka yote ile.

Wengine walirudi kwao ilipofika jioni, na hakuna aliyewauliza kwao ni wapi. Asubuhi walikuja shuleni wote. Wakubwa wao, yaani wao wenyewe waliokwisha kukua, walipata habari, na kwa kuwa Kariakoo habari haikai, kabla ya wiki kuisha kila mmoja alikuwa anajitumia hela ya maandazi. Victoria mdogo peke yake hakuwa na pa kwenda. Alikuwa akiishi kwa bibi yake katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, na mahali ilipokuwa nyumba hiyo sasa pana ghorofa linalouza vyombo vya China kuanzia chini hadi juu. Alizunguka lile ghorofa akitafuta uani, akarudi. Scholastika akamchukua Magomeni. Alimpa upande wa ukutani wa kitanda, na asubuhi aliokota vifungo kwenye shuka.

Muhula ulipoisha, Bi Maimuna alifanya alivyotakiwa. Alimtoa Scholastika darasa la kwanza, akampokea mwalimu mwenye leseni, kijana mtanashati aliyeitwa Hafidhi. Hafidhi alikuwa amefaulu somo la mfano kwa alama za juu kuliko wote. Alikuwa kijana mwenye adabu na alijitahidi sana. Shida yake ilikuwa ndogo: aliwafundisha wale wa kufikirika. Aliinama pembeni ya dawati, mahali pasipo na mtu, akauliza swali, akangoja kidogo, akasema, "Vizuri sana, Neema, makofi kwa Neema," na hakuna Neema. Watoto wa kweli walipiga makofi kwa heshima. Akina Neema, inasemekana, walisonga mbele haraka sana na sasa wanajua kugawanya.

Hafidhi mwenyewe ndiye aliyemfuata Scholastika. "Mama, mimi hawa siwaoni vizuri," alimwambia kwa unyenyekevu. "Naona wale wengine tu. Nisaidie."

"Sina leseni, mwanangu."

Bi Maimuna alilifikiria jambo hilo siku nzima. Kisha akamwajiri Scholastika kuwa mpishi wa uji, kwa sababu uji hauhitaji leseni ya ualimu. Wapishi nao hupimwa, lakini ni choo na mkojo tu, na mtihani huo Scholastika aliufaulu siku hiyo hiyo. Jiko likahamishiwa kwenye kibaraza cha darasa la kwanza. Anabandika sufuria, anafunga aproni, anaingia na mwiko mkononi, anafundisha hadi uji uchemke. Hafidhi hukaa nyuma na kuangalia, na pole pole ameanza kuwaona: kwanza aliona miguu, halafu mikono, na juzi aliona uso mmoja mzima akafurahi hadi akatoka nje kumpigia mama yake simu Kilwa. Mkaguzi akija, Scholastika hurudi kibarazani kukoroga. Wakaguzi wameandika kwamba uji wa shule hiyo unachelewa sana kuiva.

Ukimuuliza kama ameridhika, atakwambia ameridhika, na si uongo. Ila kila anapofunga ile aproni huchelewa kidogo kwenye fundo, na hapo usimuulize kitu.

Victoria mkubwa alikuja asubuhi moja ya Machi, amevaa suti ileile, mkononi ana mfuko wa viatu vya mtoto. Alivinunua kwa kukumbuka mguu wake wa utotoni, akasema, na anaamini vitamtosha. Scholastika alimkaribisha ndani. Wakati huo darasa lilikuwa bado lina zogo, na uji ulikuwa haujaanza kutoa mapovu.

"Tarehe za mtihani wa mwaka huu zimetoka, Mwalimu," alisema Victoria. "Nimeona nikuletee mwenyewe. Kanuni ni zilezile. Safari hii tafadhali uje peke yako."

"Nitakuja peke yangu. Hata mwaka jana nilikuja peke yangu."

"Na uanze kwa wakati."

Scholastika alicheka. "Hilo sikuahidi, mwanangu. Ningekuwa naliweza, wewe ungejua kusoma hayo makaratasi yako?"

Victoria alikuwa anatazama mstari wa dirishani. Victoria mdogo alishuka kwenye benchi akaja, akasimama katikati yao, akamkagua yule mgeni kuanzia viatu hadi kovu. Plasta yake ilikuwa imeshatoka.

"Mwalimu, huyu ndiye aliyekufelisha?"

"Ndiye. Msalimie."

Mtoto alifikiri kidogo. Kisha, bila kusukumwa na mtu, akaweka miguu pamoja na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo."

Zogo la darasa lilikuwa limekwisha. Wote walikuwa wamesimama, hakuna aliyewaambia, na wote walikuwa wanangoja, kwa maana wamefundishwa kwamba shikamoo haiachwi hewani. Scholastika alifunga mikono nyuma na mwiko wake, naye akangoja. Victoria alitazama saa. Akashusha mkono.

"Marahaba," alisema.

"Kaeni," alisema Scholastika.

Wakakaa wote, wakubwa na wadogo. Victoria mkubwa alikaa kwenye benchi fupi la dirishani, magoti yakamfika kifuani, akapewa konzi yake ya vifungo, akajumlisha pamoja na wenzake mpaka uji ukaiva. Alikunywa kikombe kimoja. Alisema una sukari ya kutosha. Akajifuta mdomo, akajivalisha viatu vipya, yeye yule mdogo, vikamtosha, akarudi ofisini kwake Magogoni, kwani mchana kulikuwa na walimu wengine wanaongoja zamu yao ya kufundisha viti.